Dirisha la Paka, Mlango B

Jumatatu, 4 Desemba

Theluji ya kwanza leo. Na tayari watu wazima wamepata cha kulalamikia!

Narudi kutoka shule, nakuta karatasi mpya kwenye mlango wa jengo, imebanwa katikati ya matangazo ya misiba. Mkutano wa wakazi wa Mlango B, yaani sisi wote tunaotumia ngazi hii, kesho saa moja jioni, hapo hapo ngazini. Ajenda: kuziba dirisha la ghala la chini ya jengo. Sababu: paka. Chini kuna sahihi ya Mzee Rangel na muhuri. Muhuri! Alijichongeshea mwenyewe siku walipomchagua kuwa msimamizi wa mlango wetu.

Dirisha lenyewe halizidi ukubwa wa begi langu la shule. Liko usawa wa ardhi na kioo chake kilivunjika kabla sijazaliwa. Kila baridi inapoingia, paka watatu wa nje hupita hapo, wakashuka ghalani na kulala juu ya mabomba ya joto. Kuna Sazha, mweusi kama masizi, na ndiyo maana ya jina lake. Ncha ya sikio lake moja imekatwa, alama kwamba daktari wa wanyama alishamfunga kizazi. Kuna Rizhko, wa rangi ya karoti. Na kuna yule mweupe mwenye jicho bovu. Huyo hataki kusogelewa, kwa hiyo hana jina.

Kosa lao ni hili. Jana Mzee Rangel alishuka ghalani, ambako kila nyumba huchachusha pipa la kabichi kwa ajili ya majira ya baridi, kupuliza kabichi yake. Anatumbukiza mrija wa mpira ndani ya pipa, anapuliza mpaka mashavu yanakuwa mekundu, ili maji ya chumvi yachanganyike vizuri. Akamkuta Sazha amelala juu ya pipa. Juu ya kifuniko! Tena juu ya kifuniko kuna jiwe.

Bi Tsonka wa ghorofa ya nne alikuwa anasoma tangazo pamoja nami. Akasema bora wazibe, la sivyo Krismasi tutakula kabichi yenye manyoya. Nikamwambia kwa adabu kwamba pipa lina kifuniko.

"Eh, siku hizi shuleni mnafundishwa kujibu watu?"

Nilipanda ngazi. Lakini ndani bado nilikuwa namjibu.


Jumanne, 5 Desemba

Naandika kwa hasira mpaka karatasi inatoboka.

Nyumba tisa zilituma watu. Walisimama ngazini wamevaa ndara na makoti. Mzee Rangel alisimama chini kabisa, karibu na masanduku ya barua, akauliza: "Jamani, hili ni ghala la chakula au bustani ya wanyama?" Wakacheka. Akaendelea: dirisha linaingiza baridi, linaingiza uchafu, linaingiza paka. Bati moja, misumari minane, kazi imekwisha.

Niliinua mkono.

"Binti, wanaosema hapa ni wenye nyumba," akasema. "Wewe una nyumba?"

"Sina. Nina hoja."

Wakacheka tena, hata zaidi. Lakini nilisema. Nilisema wale paka hawana mahali pengine, na usiku huku kwetu milimani baridi inapasua chupa. Kwamba wamefungwa kizazi, hawaongezeki. Kwamba tangu wameingia hakuna panya hata mmoja ghalani. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, hoja tatu, kama tulivyofundishwa.

Bi Tsonka akajibu: "Mungu amewapa manyoya, mwanangu. Wana shida gani?" Naye amejifunika koti la ngozi ya mbweha mpaka kidevuni!

Kisha kura. Mikono ikapanda. Nikaanza kuangalia kutoka ngazi ya chini kwenda juu, na wa mwisho ulikuwa mkono wa Mama. Mkono ule ule unaonifunga skafu asubuhi!

Jikoni hakunitazama. Akasema: "Rada, tunaishi na watu hawa. Baba yako yuko Ujerumani mpaka majira ya kiangazi. Nikipata shida ninamgongea nani? Namgongea Mzee Rangel. Simgongei paka."

Nimekataa kula. Baadaye nimekula, ila chakula kilikuwa kimeshapoa.


Jumatano, 6 Desemba

Sikukuu ya Mtakatifu Nikola. Jengo zima linanuka samaki wa kuoka.

Mzee Rangel alikuja na bati mchana, nilipotoka shule. Nilimwomba anisubiri nihakikishe hakuna paka aliyebaki ndani. Ukweli lazima usemwe: alisubiri. "Haya, waite abiria wako. Treni inaondoka."

Nilishuka na tochi. Yule mweupe aliruka nje mara moja. Rizhko alijificha nyuma ya mabaiskeli ya watu, nikamtoa kwa ufagio. Sazha alikuwa juu ya bomba, amekunja miguu chini ya kifua. Aliniangalia tu. Huyu ndiye hula karibu na kiatu changu, ingawa hajawahi kukubali niguse hata mkia wake. Sikuwa na la kufanya. Angebaki ndani angekufa kwa kiu gizani. Nikapiga makofi, nikapiga kelele, nikagonga bomba kwa tochi. Mimi! Akatoka, akaingia kwenye theluji akiinua miguu juu juu, kama mtu anayekanyaga maji machafu.

Kisha nyundo. Ilisikika mpaka ghorofa ya tano.

Mama alioka samaki mwenye wali na jozi tumboni. Alinikatia kipande kikubwa cha mgongoni.


Ijumaa, 8 Desemba

Habari njema kidogo!

Mimi na Sirma tulipita sokoni baada ya shule. (Sirma tunakaa dawati moja. Yeye haongei sana, lakini akishika kazi haachi.) Nyuma ya kibanda cha samaki kulikuwa na rundo la yale maboksi meupe ya povu gumu, mepesi, ya kuwekea samaki na barafu. Sikukuu imepita, hawayahitaji. Muuzaji alituuliza tunayataka ya nini. Sirma akajibu: "Nyumba." Muuzaji akasema basi tuchague lenye ghorofa.

Tumekata tundu dogo ubavuni, kiasi cha kupita paka mmoja. Tumelizungushia plastiki nene na kuliinua juu ya matofali mawili. Babu yake Sirma anafuga sungura, ametupa mfuko wa mabua ya ngano, makavu, ya manjano. Tumelijaza mpaka juu. Nilipoingiza mkono, baada ya muda mfupi vidole vyangu vikapata joto!

Tumeliweka chini ya kibaraza, pembeni ya mlango, mahali ambapo upepo haufiki.

Linanuka samaki. Sirma anasema kwa paka hiyo ni kama manukato.


Jumapili, 10 Desemba

Sazha ameingia! Niliona sikio lililokatwa kwenye tundu. Nilisimama kama mnara ili nisimtishe, mpaka pua ikafa ganzi.

Sasa mambo ya Murdzho. Huyu ni mbwa wa jengo. Hana mwenyewe, ana kipini cha njano sikioni kutoka kwa watu wa manispaa, na hubwekea kila mtu asiyemjua. Mzee Rangel anampenda. Alimtengenezea kibanda kutoka kabati la jikoni, akakipaka rangi, akaweka zulia la zamani ndani. Nilimuuliza mbona mbwa anastahili na paka hastahili. "Mbwa analinda. Paka analinda nini?"

Lakini Murdzho halali humo! Analala nje, kwenye theluji, amejikunja kama mkate wa duara. Mzee Rangel anasema mbwa hana shukrani. Leo nilishika lile zulia. Gumu kama mbao. Mbwa anaingia na miguu yenye theluji, theluji inayeyuka, zulia linanywa maji, kisha linaganda. Tumemjengea mbwa jokofu!

Nilipomweleza Mzee Rangel alisema hilo ni zulia la sufu halisi, mama yake alikuja nalo alipoolewa. Nikamwambia najua ni zuri. Nikalitoa. Nikaweka mabua. Akasimama dirishani kwake ananiangalia, mikono nyuma.

Jioni Murdzho alikuwa ndani, pua tu nje.

Mzee Rangel amelianika zulia roshani kwake. Sawa.


Jumatano, 13 Desemba

Rizhko amekufa.

Sitaki kuandika, lakini nisipoandika itakuwa kana kwamba hakuna kitu kilichotokea. Asubuhi mwanamume wa Mlango A aliwasha gari lake jekundu. Rizhko alikuwa amepanda ndani, juu ya injini, kwa sababu usiku injini bado ina joto. Alikuwa na mahali pa kulala! Tulikuwa na mahali, kwenye bomba, karibu na mapipa yenu matukufu!

Nilifika wakati boneti iko wazi. Mwenye gari anapiga kelele kwamba mkanda wa injini umekatika na atachelewa kazini. Mkanda! Anarudia: mkanda, mkanda. Bi Tsonka akasema kutoka roshani kwake: "Ona, mnawalisha, halafu wanaleta hasara."

Nilimwambia yule mwanamume kwamba kugonga boneti mara mbili kabla ya kuwasha hakumgharimu mtu chochote. Akaniuliza mama yangu ni nani.

Mama yangu alikuwa amesimama nyuma yangu na mfuko wa taka mkononi. Akasema: "Ni mimi." Akamtoa Rizhko yeye mwenyewe, kwa mikono, bila glavu, akamfunga kwenye taulo letu la bluu. Ardhi imeganda, koleo haliingii. Ikabidi tumpeleke kwa babu yake Sirma, kwenye lundo la mbolea ambako udongo bado ni laini.

Nilichelewa shule. Mama alichelewa kazini. Njiani alinishika bega.


Alhamisi, 14 Desemba

Insha zimerudishwa. Mada ilikuwa "Tendo dogo la wema". Nimepata sita, alama ya juu. Mwalimu alisema nina hisia nzuri na kwamba nimetumia mifano hai.

Darasa zima limeandika vizuri kuhusu wema. Mtoto wa mwenye gari jekundu naye yuko darasani kwetu. Amepata tano na nusu.


Jumamosi, 16 Desemba

Nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Nilitoka kubadilisha maji. Yanaganda haraka sana, inabidi nipeleke ya vuguvugu asubuhi na jioni.

Ndani ya boksi la Sazha, chini ya mabua, nimekuta chupa ya plastiki yenye maji ya moto, imevishwa soksi ya sufu. Soksi ya Baba! Ile ya kijivu yenye mistari.

Nilimuuliza Mama. Alikuwa anamenya viazi. "Soksi gani?"

Sawa, Mama. Soksi gani!


Jumatatu, 18 Desemba

Boksi halipo.

Halipo! Matofali yapo, mabua machache yametawanyika kwenye theluji, boksi halipo. Nilidhani upepo. Kisha nikaliona ndani ya pipa kubwa la taka la barabarani, limevunjwa katikati.

Bi Tsonka hakujificha hata kidogo. Alinisimamisha ngazini: "Ni mimi niliyelitupa, usiulize wengine. Mkwe wangu anakuja sikukuu kutoka mji mkuu. Apokewe na uvundo wa samaki?" Nilimuuliza kama Sazha alikuwemo. Akasema kuna kitu cheusi kilichomrukia, nusura avunjike nyonga. Yeye! Nusura avunjike yeye!

Nilitaka kumwambia neno ambalo Bibi yangu wa kijijini huwaambia mbuzi. Nikasema tu: "Bi Tsonka, leo usiku itakuwa nyuzi kumi na tano chini." Akasema amesikia, ndiyo maana anaingia ndani.

Nilimweleza Mama. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama na kikaango. Kisha akauliza polepole:

"Na soksi?"

"Imetupwa vilevile."

Akageuka. Akapika mayai. Mayai yakaungua.


Alhamisi, 21 Desemba

Boksi jipya liko tayari tangu juzi, nyuma ya kibanda cha Murdzho, mbali na pua ya mkwe. Mzee Rangel aliliona. Alitazama angani na kusema: "Mimi sioni kitu."

Yule mweupe mwenye jicho bovu ameingia humo. Nimefurahi kwa ajili yake. Nimefurahi kweli.

Lakini Sazha hayupo. Nimepita Mlango A na Mlango C, nyuma ya duka la mkate, chini ya magari yote. Sirma alikwenda mpaka kituo cha basi. Mzee muuza magazeti alisema aliona paka mweusi Jumanne, au Jumatatu, au labda ulikuwa mfuko.

Kuna watu wanasema ningemchukua nyumbani. Nilishajaribu mwaka jana! Aliingia mwenyewe kwenye boksi la viatu kufuata chakula, nikafunika, nikambeba. Alipanda pazia mpaka juu, akakaa huko akilia mpaka Mama akafungua mlango. Hataki kuta za watu. Anataka bomba moja na tundu la kuingilia. Ni mengi hayo?


Jumamosi, 23 Desemba

Kicheko na machozi siku moja.

Bibi amefika kutoka kijijini kwa basi la asubuhi, na mifuko minne na bila glavu. Kesho ni usiku wa kuamkia Krismasi, lazima kuwe na sarma, wali bila nyama uliofungwa kwenye majani ya kabichi, na yeye haamini mtu mwingine azifunge. Hakuvua hata kitambaa. "Twende tukachukue kabichi, mjukuu wangu."

Nilipofungua mlango wa ghala, joto lilinipiga usoni. Tangu bati lipigiliwe sijashuka huko, sikutaka kuliona. Humo ndani ni kama bafuni baada ya mtu kuoga! Na harufu... Bibi aliweka mkono puani. "Nani amefia huku?"

Tulifungua pipa letu. Maji yalikuwa mazito, yanavutika kama ute wa yai. Bibi alivuta kabichi moja juu, nayo ikabaki mkononi mwake kama kitambaa kilicholowa. Jani halikunyanyuka bila kukatika.

"Imepikwa," Bibi akasema. "Mmeipika pamoja na mabomba. Kabichi inataka baridi, kila mtu anajua, hata kuku anajua. Dirisha liko wapi?"

Nikamwonyesha bati.

Alipanda ngazi akiwa ameshika ile kabichi, inamdondokea, anagonga kila mlango: "Jirani! Kaangalie pipa lako! Jirani!" Baada ya muda mfupi ghala lilijaa watu kama soko. Vifuniko vinafunguliwa, kelele. Mapipa kumi na moja yameharibika, yote. Mzee Rangel alitumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa mkono, akauangalia. Nilimhurumia kidogo. Alikuwa akiipuliza kabichi yake mara kwa mara mwezi mzima, na kumbe alikuwa anapuliza supu. Anasema aligundua joto, akadhani ni vizuri, haitaganda.

Na hapo ndipo ilipoanza! Nani alisema tuzibe? Si mimi. Mimi nilisema tangu mwanzo. Mimi sikuinua mkono, nilikuwa najikuna. Bi Tsonka alisema yeye hakuwapo kabisa, alikuwa kwa daktari! Mikono yote ile niliyoiona, leo haina wenyewe.

Ni Mama peke yake aliyesema: "Mimi niliinua."

Wote wakamgeukia, kisha wakaendelea kupiga kelele.

Mzee Rangel alileta koleo lake la kung'olea misumari. Saa hiyo hiyo! Bila tangazo, bila muhuri, bila ajenda. Paka akiomba dirisha ni kikao na kura na vicheko. Kabichi ikiomba, mtu anakimbia na ndara! Bati limeng'olewa kabla sijafika juu.


Jumapili, 24 Desemba

Bibi alifunga sarma kwa majani ya mzabibu kutoka kwenye chupa. Nilikula nane.

Alivunja mkate wa duara kama kila mwaka. Kipande cha kwanza cha Mama wa Mungu, cha pili cha nyumba, cha tatu cha mifugo. Nilimuuliza kipande cha mifugo kinaliwa na nani hapa mjini. Akasema kijijini anampa punda. Nikauliza: na hapa? Mama na Bibi wakatazamana. Bibi akasema nile nisiongee sana, ila akakifunga kwenye leso.

Sazha bado. Siku ya sita.


Jumatatu, 25 Desemba

Kuna alama kwenye theluji mpya! Miguu midogo, mmoja unavutwa kidogo. Zimetoka upande wa duka la mkate, zimezunguka mahali lilipokuwa boksi la kwanza, zimekwenda mpaka dirishani. Zimeingia. Hazijatoka!

Nilishuka kimya bila tochi. Juu ya bomba, mahali pake pale pale, macho mawili. Ni mwembamba. Sikio lake lililokuwa zima limepigwa na barafu, ncha yake imekauka. Masikio yake sasa yanafanana. Nimeweka chakula, maji ya vuguvugu, nikaondoka kinyumenyume.

Nilimwambia Mama. Alikaa chini akasema: "Basi. Basi, vizuri." Kisha akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.


Jumanne, 26 Desemba

Hapana. Hapana, hapana!

Nimekutana na Mzee Rangel ngazini, anapanda na kitu kimeviringishwa kwapani. Uso unang'aa. Ameniambia kana kwamba ananipa zawadi: "Nimepata dawa, binti. Wavu wa chuma! Hewa inaingia, kabichi ya mwakani inapata baridi yake, na paka hawaingii. Kila mtu anafurahi."

Kila mtu!

Nilimuuliza mkutano ulifanyika lini. Akasema walikubaliana tu jana, yeye na Bi Tsonka na mkwe wa Bi Tsonka na wengine waliokuwa wanakunywa rakia, pombe kali ya matunda, kwake. Nikamwambia Sazha yumo ndani, mguu unamuuma, na redio imesema kesho usiku nyuzi ishirini chini. Ishirini! Uso wake ukabadilika kidogo. Alitazama ule wavu. Kisha akasema: "Nilishawaahidi watu."

Nilimwambia Mzee Rangel, wewe ndiye uliyemjengea Murdzho kibanda. Akasema hilo ni jambo jingine. Nikasema si jingine. Akasema: "Nimechoka, binti, ni sikukuu."

Kazi itafanyika kesho saa nane mchana.

Mama alisikia yote, alikuwa kwenye mlango wetu na ufagio. Akaendelea kufagia. Nimekasirika naye tena! Mtu anaweza kuweka chupa ya moto kwa siri, lakini kusema neno moja hadharani hawezi?

Bibi anasema nimwache. Anasema Mama alikuwa hivyo hivyo tangu mdogo, anachelewa kuchemka.


Jumatano, 27 Desemba

Naandika nikiwa nimekaa ngazini, ngazi ya tatu kutoka chini, kwa sababu Bibi amesema nikae hapa na nimwite ikibidi. Penseli, maana wino umeganda.

Saa saba na nusu Mama alisema anashuka kuchukua chupa ya pilipili za siki. Hakurudi. Saa nane Mzee Rangel akapita hapa na wavu, nyundo, na misumari mdomoni. Bi Tsonka nyuma yake na lile koti, na mkwe wake nyuma yake, amekuja kuona.

Mlango wa ghala uko wazi. Nasikia kila kitu.

Mama amekaa kwenye pipa letu. Amelisogeza mpaka chini ya dirisha! Lile zito, lenye kabichi iliyooza, peke yake! Namwona magoti tu, na ndara zake.

Mzee Rangel: "Mama Rada, shuka hapo, nataka kufanya kazi."

"Pipa ni langu."

"Sikatai. Lakini ukuta ni wa wote."

"Basi waite wote. Mimi ni mmoja wao, na sijaulizwa."

Bi Tsonka anasema maskini, mumewe yuko mbali, ndiyo maana. Mama anamjibu kwamba mumewe akirudi atataka kujua soksi yake iko wapi. Mkwe anauliza soksi gani. Hakuna anayemweleza.

Mzee Rangel ametoa misumari mdomoni. Anaongea polepole sasa, karibu kwa upole. Anasema: "Dada yangu, kwa ajili ya paka mmoja, utagombana na mlango mzima?"

Mama anajiweka sawa juu ya pipa. Nikiinama naona mvuke wa pumzi yake kwenye mwanga wa dirisha. Baridi inaingia moja kwa moja mgongoni kwake, na hakuvaa kitu zaidi ya sweta la nyumbani. Juu ya bomba, nyuma ya mabaiskeli, kuna kitu cheusi ambacho hakisogei.

Nyundo bado haijagonga. Mzee Rangel ameishika tu, imening'inia.

"Rada!" Mama anaita. Sauti yake ni ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi mezani. "Uko hapo? Niletee koti langu. Lile zito."